Kijana na Magwiji: Tuwapime Vijana Wetu kwa Kipimo Gani?

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wastaafu, ndugu wanachama wenzangu, pamoja na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu sisi wazee tumewanyang'anya viti,

Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu wetu aliponiandikia alinipa nusu saa tu, na akanikumbusha kwamba chakula kitakuwa tayari saa saba. Nitajitahidi nisigombane na pilau.

Ndugu zangu, katika mkutano wetu wa asubuhi mmesikia mjadala mkali juu ya Kikombe cha Chama. Kikombe hiki hupewa mwanafunzi aliyefanya vizuri kuliko wenzake, darasani na uwanjani. Lakini kwa miaka mitatu mfululizo hakikutolewa. Kamati imeeleza kwamba hapakuonekana kijana anayefikia kiwango cha wale ambao majina yao yameandikwa kwenye ubao ule pale ukutani. Mimi asubuhi nilinyamaza, maana nilijua zamu yangu inakuja. Sasa naomba ruhusa ya kulijibu jambo hilo kwa kuzunguka kidogo, kwa njia ya mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona: besiboli.

Mtaniuliza, kwa nini besiboli na si kandanda? Sababu ya kwanza ni kwamba nimekaa Washington miaka mingi nikifanya kazi ya uhasibu, na mhasibu akiishi Marekani hana budi kuupenda mchezo huo, kwa kuwa ni mchezo wenye daftari. Tangu karne ya 19 kila mchezo wa Ligi Kuu yao umeandikiwa hesabu. Sababu ya pili ni kwamba Wamarekani hawachoki kumlinganisha kijana wa leo na gwiji wa jana. Wala tusidhani kwamba ni mchezo wa mbali nasi mno. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, jirani zetu wa Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

Kwa ufupi, mchezo wenyewe uko hivi. Mrushaji husimama mbali na mpigaji kiasi cha mita 18 na kitu. Mpigaji hushika rungu. Nasema rungu, maana nikisema gongo wengine wenu mtadhani nimeanza habari nyingine. Mpira huja kwa kasi inayoweza kufika kilomita 150 kwa saa na zaidi, na humfikia kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo lazima aamue kama ataupiga au atauacha. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, hiyo huitwa homurani, naye huzunguka vituo vyote vinne bila ya kuguswa. Akikosea mara tatu, hutoka. Lakini mrushaji naye akirusha mipira minne mibovu, yenye kupita nje ya eneo la haki, na mpigaji akaiacha, basi mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure.

Kwa hiyo mpigaji hupimwa kwa anachokipiga, na hupimwa vilevile kwa anachokiacha. Tena hata hodari wao hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Anayefaulu mara 300 katika kila 1,000 husifiwa. Akifika 400, habari zake husimuliwa kwa wajukuu.

Sasa nije kwa kijana. Juan Soto alizaliwa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, tarehe 25 Oktoba 1998. Tarehe 20 Mei 2018 aliingia Ligi Kuu kwa timu yetu ya Washington, akiwa na miaka 19. Kesho yake, mara yake ya kwanza kupangwa tangu mwanzo wa mchezo, mpira wa kwanza aliorushiwa aliupiga ukavuka uzio. Msimu ulipokwisha alikuwa na homurani 22. Mwaka uliofuata, katika fainali za ubingwa dhidi ya Houston, alipiga homurani tatu. Siku yake ya kutimiza miaka 21 ilimkuta fainali zikiendelea, na Washington ikatwaa ubingwa ambao mji ule ulikuwa haujaupata tangu 1924. Mwaka 2020 alifaulu mara 351 kwa 1,000, akawa bingwa wa kupiga mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi ya Taifa, ambayo ni moja ya zile ligi mbili zinazofanya Ligi Kuu.

Lakini kilichowashangaza wajuzi kilikuwa jicho lake zaidi kuliko nguvu zake. Mwaka 2021 alipewa kituo cha bure mara 145, na akatolewa kwa makosa matatu mara 93 tu. Mpira mbovu ukipita, Soto hachokozeki. Huuacha, kisha huburuza miguu kama mtu anayecheza ngoma na kumkazia mrushaji macho, kana kwamba anamwambia, "Huo peleka nyumbani." Wazee wengine hukasirika wakiona hivyo. Mimi nilikuwa nikicheka hadi machozi.

Hapo ndipo ulinganishi ulipoanza. Ofisini kwetu palikuwa na mzee mmoja, mpenzi wa Boston, ambaye ukimtajia Soto yeye hukutajia Ted Williams. Ukimtajia homurani, yeye hukutajia Babe Ruth. Kwake yeye mambo mazuri yote yalikwisha kutendeka kabla ya mwaka 1960. Nadhani mzee huyo angechaguliwa kuingia katika kamati yetu ya kikombe bila ya kupingwa.

Basi, kwa desturi ya kazi yangu, nikafungua daftari. Nilihesabu homurani ambazo kila mmoja alikuwa nazo kabla ya kutimiza miaka 27. Babe Ruth alikuwa na 162. Ted Williams alikuwa na 127. Hank Aaron alikuwa na 219. Juan Soto, msimu wa 2025 ulipokwisha, alikuwa na 244. Kijana amewapita wote watatu. Je, tufunge kitabu twende tukale? La hasha. Mhasibu mzuri husoma maelezo yaliyo chini ya hesabu kabla hajatia sahihi.

Ruth alianza kazi akiwa mrushaji, na tena mrushaji hodari. Alipoachiwa kupiga kila siku alifanya maajabu. Mwaka 1920, akiichezea New York Yankees, alipiga homurani 54 peke yake, nyingi kuliko timu nyingine yoyote nzima ya ligi aliyochezea. Alimaliza na 714. Williams naye alitumia miaka mitatu mizima, 1943 hadi 1945, katika jeshi wakati wa vita kuu, akapata urubani wa ndege za vita. Halafu akaitwa tena kwenye vita vya Korea, akakosa sehemu kubwa ya misimu ya 1952 na 1953. Pamoja na hayo alimaliza na homurani 521. Kwa hiyo ile 127 yake ni hesabu ya mtu aliyepokonywa rungu akapewa ndege.

Nitawasimulia jambo moja la Williams, kwa ajili ya wanafunzi hasa. Siku ya mwisho ya msimu wa 1941, tarehe 28 Septemba, aliamka akiwa na wastani wa 399 na nusu na kitu kwa 1,000. Kwa kanuni za hesabu ungeandikwa 400 kamili. Mkuu wa timu alimpa ruhusa ya kuketi nje siku hiyo ili asiharibu. Williams alikataa. Alicheza michezo yote miwili ya siku hiyo kule Philadelphia, akapiga mara 8, akafaulu mara 6, na akamaliza mwaka kwa 406. Kwa zaidi ya miaka 80 vitabu vilisema kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho kupita 400.

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Vitabu hivyo havikuwa kamili.

Wakati wa Ruth, na katika miaka ya mwanzo ya Williams, mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia Ligi Kuu. Weusi walikuwa na ligi zao. Huko ndiko alikokuwa Josh Gibson, aliyezaliwa jimbo la Georgia mwaka 1911 na kukulia Pittsburgh. Timu yake, Homestead Grays, katika miaka ya 1940 ilicheza michezo mingi pale pale Washington, katika uwanja ulioitwa Griffith, ambao ulikuwa wa timu ya Wazungu ya Ligi Kuu. Wazungu wakisafiri, Weusi wanaingia. Nyasi zilikuwa zile zile, na uzio ule ule, lakini madaftari yalikuwa mawili. Siku hizi mahali uwanja ule uliposimama pana hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard. Lakini ukienda uwanja mpya wa Washington, ule ambao Soto aliuanzia, utaikuta sanamu ya Gibson.

Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia uwanjani kwa Brooklyn na mlango ukafunguka. Gibson hakuuona.

Mwaka 2024, baada ya miaka ya utafiti, wenye Ligi Kuu waliziingiza hesabu za ligi za Weusi za tangu 1920 hadi 1948 katika daftari lao rasmi. Daftari lilipofunguliwa upya ilionekana kwamba mwenye wastani mkubwa kuliko wote wa maisha ni Josh Gibson, mara 372 kwa 1,000. Msimu bora kuliko yote pia ni wake, 466, mwaka 1943, yaani miaka miwili baada ya ile 406 ya Williams iliyoitwa ya mwisho.

Wapo waliolalamika kwamba misimu ya Weusi ilikuwa mifupi. Ni kweli, michezo iliyohesabiwa ilikuwa michache. Lakini ubingwa wa kupiga wa Soto wa mwaka 2020 ulipatikana katika msimu uliokatwa na maradhi ya korona, timu zikacheza michezo 60 tu, naye mwenyewe alicheza 47. Hakuna aliyeufuta. Kipimo kikiwa kimoja, hakina budi kuwa kimoja kwa wote.

Na tufikiri mbele kidogo. Huyu Soto ni mtu mweusi kutoka Dominika. Mdominika wa kwanza kuingia Ligi Kuu aliingia mwaka 1956. Kama Soto angezaliwa mwaka aliozaliwa Gibson, asingeruhusiwa hata kuonyesha lile jicho lake. Kwa hiyo mtu akisema Ruth alikuwa mkubwa kwa kuwa aliwashinda wote wa wakati wake, sisi tuulize, wote gani? Ruth aliwashinda walioruhusiwa kuingia. Soto hushindana na wote: Wazungu na Weusi, Wavenezuela, Wakuba, Wajapani. Sisemi hivyo ili kumshusha Ruth. Mlango hakuufunga yeye. Nasema tu kwamba ukimpima gwiji, pima na upana wa mlango aliopitia.

Upande wa pili pia nauona, maana mtasema nimekuja kuwapamba vijana. Ile rekodi ya homurani za msimu mmoja kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20 si ya Soto. Ni ya Tony Conigliaro wa Boston, aliyepiga 24 mwaka 1964. Mwaka uliofuata aliongoza ligi yake yote kwa homurani 32, akiwa na miaka 20. Watu walikwisha kumwandalia kiti kando ya magwiji. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1967 mpira ulimpiga usoni ukamuumiza jicho. Alikaa nje mwaka mzima wa 1968, akarudi kwa ushujaa mkubwa, mwaka 1970 akapiga 36, kisha jicho likamwangusha tena. Alimaliza na 166.

Na yuko Hank Aaron. Katika maisha yake hakupata kufika 50 kwa msimu mmoja. Mwaka wake mkubwa ulikuwa 47. Lakini kwa misimu 20 mfululizo, kutoka 1955 hadi 1974, hakupungua 20. Tarehe 8 Aprili 1974, huku akipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu mtu mweusi anataka kumpita Ruth, alipiga ya 715. Alimaliza na 755. Alipokuwa na miaka 20 alikuwa na homurani 13 tu. Ni kamati gani ingempa kikombe kwa kutazamia kwamba atampita Ruth?

Basi nani ajuaye Soto atamaliza vipi? Desemba 2024 aliandikiana mkataba na New York Mets wa miaka 15 kwa dola milioni 765. Hesabu hiyo naitaja upesi upesi ili tusipoteze hamu ya kula. Huenda atafika 600, huenda ataumia kesho. Lakini homurani zake tatu za Oktoba 2019 hazingoji jibu hilo. Zilipigwa, na zimeandikwa.

Ndugu wanachama, sasa nirudi kwenye ubao wetu. Mwaka 1972, katika shule yangu ya msingi, darasa la saba tulikuwa 43. Tuliochaguliwa kuja hapa tulikuwa wawili. Mwenzetu mmoja alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi na kuliko huyo wa pili. Mwalimu akiandika swali ubaoni, sisi tukitafuta kalamu, yeye alikwisha kupata jibu. Nafasi zilikuwa chache, hakuchaguliwa. Leo ni fundi baiskeli, na ukimpa noti hukurudishia chenji sahihi kabla hujafunga mdomo. Jina langu limo katika ubao ule. La kwake halimo. Kila ninapoutazama najua kwamba nilikuwa wa kwanza miongoni mwa waliopita mlango mwembamba.

Leo mlango ni mpana. Watoto wanaosoma sekondari ni wengi mara nyingi kuliko wa siku zetu, na wa kwanza wa leo amewashinda wengi kuliko niliowashinda mimi. Madarasa yao yamejaa kuliko yetu, na mwalimu mmoja anagawanywa kwa wanafunzi wengi zaidi. Je, ni haki kumwambia kijana huyo kwamba hafikii kiwango?

Namtaja Ted Williams mara ya mwisho. Mwaka 1966 aliingizwa rasmi katika Jumba la Magwiji kule Cooperstown. Ilikuwa siku yake ya kusifiwa. Katika hotuba yake fupi aliwataja Satchel Paige na Josh Gibson, akasema anatumaini kwamba siku moja nao wataingizwa humo, kwani hawakuwamo kwa sababu tu hawakupewa nafasi. Paige aliingizwa mwaka 1971, Gibson mwaka 1972. Hiyo ndiyo kazi ya mtu ambaye jina lake liko ubaoni. Mkubwa akikaa mlangoni, akae kwa ajili ya kuufungua.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa mapendekezo mawili. La kwanza: Kikombe kitolewe mwaka huu, kwa aliyefanya vizuri mwaka huu, miongoni mwa wenzake, katika hali waliyo nayo. Kikombe si unabii. Hatumwambii kijana kwamba atakuwa profesa au waziri. Tunamwambia kwamba tumeona alichofanya. La pili: ile miaka mitatu iliyoachwa wazi, kamati ikafungue daftari la shule, itafute waliostahili, na majina yao yaandikwe ubaoni mahali pake. Wenzetu wa Ligi Kuu walirudi nyuma zaidi ya miaka 75 wakasahihisha daftari lao. Sisi tutashindwa na miaka mitatu?

Na ninyi wanafunzi, msiondoke hapa mkidhani nimewaambia kwamba mmewapita wazee. Hilo halijajulikana. Mipira mizuri ipigeni kwa nguvu zenu zote. Ile mibovu, nayo ni mingi siku hizi, iacheni ipite. Mkitaka, burutesheni miguu kidogo. Mimi sitakasirika.

Harufu ya pilau imekwisha kutufikia, nami nusu saa yangu imekwisha.